Nuru, Ngozi na Sukari: Je, Kidole Kitaacha Kutobolewa?



Liko swali moja ambalo wauguzi wa kliniki za kisukari hulisikia mara kwa mara. Mgonjwa aliyechoka kutobolewa vidole huuliza, "Sista, hivi mpaka leo haijapatikana mashine ya kupima sukari bila kutoa damu?" Zamani swali hilo liliishia katika kicheko. Siku hizi limebadilika sura. Mgonjwa anakuja amevaa saa ya mkononi aliyoletewa na mtoto wake kutoka mjini. Mgongoni mwa saa huwaka taa ndogo, na kwenye kioo chake hutokea namba inayosemwa kuwa ni sukari ya damu. Tena saa yenyewe haikuwa ghali. Anataka kuambiwa kama sasa anaweza kuacha kutoboa kidole.

Jibu ni hapana, asiache. Lakini jibu fupi namna hiyo halimridhishi mtu ambaye mwanawe ametoa fedha kwa mapenzi mema, na wala si haki kumwambia kwamba jambo lenyewe ni la kubuni tupu. Ni kweli kabisa kwamba sukari na nuru vina mambo yao ndani ya ngozi. Sukari ikiingia ya kutosha, ngozi hupitisha nuru zaidi. Wanasayansi wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Basi tulifuatilie polepole, ili kila mmoja aone mwenyewe ukweli unaishia wapi na biashara inaanzia wapi.

Tochi kiganjani

Usiku umeme ukikatika, washa tochi uifunike kwa kiganja. Utaona nyama ya mkono inang'aa nyekundu kama kaa la moto. Kumbe nuru inapita! Damu hunyonya rangi nyingine na kuiachia nyekundu ipite. Lakini tazama vizuri: mifupa huioni, na mishipa huioni ila kwa shida. Kwa nini? Watu wengi hudhani ngozi huizuia nuru kama ukuta unavyoizuia. Sivyo. Ngozi huitawanya. Nuru huingia, lakini ikishaingia hupindishwa huku na huku mara elfu nyingi, hata inapotoka upande wa pili imekwisha sahau njia iliyoijia. Picha ya mfupa imevurugika njiani.

Sababu yake ni hii. Chini ya ngozi ya juu, ambayo sehemu nyingi za mwili ni nyembamba kama karatasi, iko ngozi ya ndani yenye unene wa milimita 1 hadi 4. Hiyo imefumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na kati ya nyuzi hizo kuna majimaji. Sasa kila kitu kinachopitisha nuru kina namba yake ya kuonyesha jinsi kinavyoipinda. Hewa ni 1, maji ni 1.33, majimaji ya mwilini ni 1.35 hivi, na nyuzi za kolajeni zimezidi 1.4. Nuru inapotoka kwenye majimaji na kuingia kwenye uzi hujipinda kidogo. Ikitoka hujipinda tena. Kadiri namba hizo mbili zinavyoachana, ndivyo nuru inavyotawanyika zaidi.

Ndivyo ulivyo ukungu wa asubuhi kule Lushoto. Tone la maji ni angavu, hewa nayo ni angavu, lakini ukivichanganya matone madogo madogo katika hewa dereva haoni barabara.

Karatasi ya maandazi

Mfano ulio mzuri kuliko yote uko jikoni. Chukua karatasi nyeupe, funga maandazi yaliyotoka sasa hivi katika mafuta. Baada ya muda mfupi karatasi itakuwa na madoa ambayo ukiyainua kwenye nuru unaweza kuona vidole vyako upande wa pili. Karatasi haikutoboka wala haikupungua unene. Kilichotokea ni kwamba kati ya nyuzi za karatasi kulikuwa na hewa, ambayo namba yake iko mbali sana na ya nyuzi. Mafuta yameifukuza hewa na kukaa mahali pake, na namba ya mafuta inakaribiana na ya nyuzi. Nuru sasa inapita bila kuhangaishwa. Shati jeupe likilowa mvua huonyesha mwili kwa sababu hiyo hiyo, ingawa maji hayafiki mbali kama mafuta.

Je, ngozi nayo inaweza kufanywa hivyo? Mwaka 1914 Mjerumani Werner Spalteholz, mwalimu wa elimu ya viungo katika mji wa Leipzig, alieleza jinsi ya kuloweka viungo vya maiti katika mafuta maalum mpaka vikawa angavu, mishipa ikaonekana ndani kama samaki katika maji safi. Lakini dawa zake zilikuwa sumu. Kwa mtu aliye hai hazikufaa kitu.

Hapo ndipo sukari ilipoingia. Katika miaka ya 1990, kwenye Chuo Kikuu cha Saratov, mji ulio kando ya mto Volga nchini Urusi, mwanafizikia Valery Tuchin na wenzake walianza kutumia vimiminika ambavyo mwili unaweza kuvivumilia, glukosi ikiwa mojawapo. Mwaka 1997 walichapisha habari za weupe wa jicho: nao ni nyuzi za kolajeni kama ngozi, na ulipolowekwa ulianza kupitisha nuru. Baadaye wakaigeukia ngozi. Glukosi wanayoitumia mara nyingi ni nzito, ya asilimia 40. Ili upate picha, dripu ya kawaida ya sukari hospitalini huwa na gramu 5 katika mililita 100; hii ina gramu 40. Namba yake ya kupinda nuru inakaribia 1.4, yaani iko jirani kabisa na nyuzi zenyewe.

Ndani ya ngozi mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza glukosi huenea yenyewe taratibu, kutoka penye nyingi kwenda penye chache, kama sukari iliyotulia chini ya kikombe cha chai ambacho hakikukorogwa. Pili, huyavuta maji yatoke. Mama yeyote aliyewahi kutia chumvi kwenye kachumbari mapema mno anajua jambo hili: akirudi anakuta bakuli limejaa maji na nyanya zimelegea. Ngozi ikipoteza maji, nyuzi zake hukaribiana na kujipanga vizuri zaidi. Basi nuru ikapata njia. Kwa kupima jinsi nuru inavyoongezeka dakika kwa dakika, wanasayansi hukadiria mwendo wa glukosi katika ngozi, na mwendo wenyewe ni wa kobe. Mwili nao hauchelewi kuiondoa sukari hiyo kwa damu, na ngozi hurudi kama ilivyokuwa.

Lakini usikimbilie kujipaka glukosi ya dukani. Haitapenya. Juu kabisa ya ngozi kuna utando wa seli zilizokufa, tabaka 15 hadi 20, zilizopangwa kama matofali huku mafuta yakiwa ndiyo udongo wake. Unene wake ni kiasi cha sehemu mbili za milimita iliyogawanywa mara mia, au pungufu ya hapo. Ukuta huu mwembamba ndio unaotufanya tusilowe mpaka ndani tunyeshewapo mvua, na glukosi, ambayo hupenda maji na kukimbia mafuta, hugota hapo. Bila ukuta huo wauza juisi ya miwa wangerudi nyumbani jioni mishipa yao ikihesabika! Wachunguzi wa Saratov walilazimika kuidunga glukosi ndani ya ngozi kwa sindano, au kufanya kazi na vipande vya ngozi iliyokwisha tolewa mwilini.

Tukiwa bado kwenye habari ya sukari kuvuta maji, wazee wengi wanajua kutia sukari kwenye kidonda. Moses Murandu, muuguzi aliyezaliwa Zimbabwe na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wolverhampton, Uingereza, aliyaona hayo utotoni kwao akaenda kuyachunguza hospitalini. Sukari huyakausha maji ambayo bakteria huyahitaji. Hata hivyo alifanya hivyo kwa vidonda vilivyosafishwa na kuangaliwa na wauguzi. Mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni asijitibu kwa sukari nyumbani. Aende hospitali siku ile ile.

Septemba 2024 ikaja habari iliyozunguka dunia nzima. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipaka ngozi ya panya rangi ya njano ya tartrazini, ile ile inayotiwa katika peremende na juisi za unga, na kwa dakika chache viungo vya tumbo la panya aliye hai vikaonekana kwa macho. Walipoisafisha kwa maji, ngozi ikarudi. Kanuni ni ile ile ya karatasi ya maandazi. Lakini ngozi ya panya ni nyembamba mno ikilinganishwa na yetu, na jambo hilo halikujaribiwa kwa binadamu. Vijana wasije wakajipaka rangi za keki.

Kijiko kimoja cha chai

Turudi kwenye saa ya mgonjwa wetu. Kama sukari hubadilisha mwendo wa nuru katika ngozi, si rahisi tu kuangaza taa na kusoma sukari? Wengi waliwaza hivyo, na si watu wajinga. Tatizo ni kiasi.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Je, katika damu yote hiyo, asubuhi kabla ya kula, kuna sukari kiasi gani kwa mtu mwenye afya? Gramu 5, au pungufu kidogo. Ni kijiko kimoja cha chai! Kile kimiminika cha Saratov kina gramu 400 katika lita moja. Damu ina gramu moja tu katika lita hiyo. Sukari ya damu ikipanda kwa milimoli 1, namba ya kupinda nuru hubadilika kwa kiasi kisichofika sehemu tatu za laki moja. Ni mnong'ono kanisani siku ya Pasaka, kwaya ikiimba na ngoma zikipigwa. Maana mambo mengine yanayobadilisha nuru katika ngozi ni mengi na yana kelele zaidi: jasho, joto na baridi, kiasi cha maji mwilini, mkazo wa mkanda wa saa, mkono kutikisika, damu kuongezeka mtu akipanda mlima.

Tena iko habari ya rangi ya ngozi, ambayo sisi tunapaswa kuiangalia kwa macho yetu wenyewe. Wengi wetu tulikifahamu wakati wa Korona kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa nuru. Ni chombo kizuri na kimeokoa watu. Lakini mwaka 2020 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Rangi ya ngozi hunyonya nuru, na hesabu za chombo hazikuizingatia vya kutosha. Ikiwa imekuwa hivyo kwa chombo kilichokwisha tumika hospitalini kwa miaka mingi, tuseme nini juu ya saa isiyopimwa na mtu yeyote?

Wako waliojaribu njia nyingine, ya kuitoa sukari nje ipite kwenye ngozi. Mwaka 2001 Marekani iliruhusu saa iliyoitwa GlucoWatch, iliyovuta glukosi kidogo kupitia ngozi kwa umeme mdogo. Ilikuwa kazi ya sayansi ya kweli. Hata hivyo iliwasha ngozi na kuifanya nyekundu, tena mwenye kuivaa ilimbidi bado atoboe kidole ili kuirekebisha. Baadaye ikaacha kuuzwa.

Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wasitumie saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, na ikasema wazi kwamba haijapata kuidhinisha hata moja. Basi namba zinazotokea kwenye saa hizo zinatoka wapi? Nyingine huonyesha namba za katikati tu, tano au sita na nukta, ambazo kwa mtu mzima wa afya zitaelekea kuwa kweli hata zikibuniwa. Hapo ndipo mtego ulipo: kijana mzima akiijaribu saa ataisifu, kisha atampelekea mama yake mgonjwa.

Nao mama huyo anaweza kufa kwa ajili yake. Saa ikisema sukari imepanda wakati haikupanda, atajidunga insulini zaidi. Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 mtu hutetemeka, hutoka jasho jembamba, huona njaa kali, huongea kama mlevi, na isipoinuliwa upesi huzimia. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na saa ikisema sukari ni ya kawaida wakati kweli imefika 20, mgonjwa atakaa nyumbani akikojoa na kunywa maji mpaka apoteze fahamu. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, Afrika kusini ya Sahara ilikuwa na watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na zaidi ya nusu yao hawakujua kwamba wanacho. Saa ya namna hii inaweza kumbakiza mtu katika nusu hiyo.

Viko vipimo vinavyobandikwa mkononi au tumboni ambavyo ni vya kweli. Tofauti yake ni kwamba vina uzi mwembamba sana unaoingia chini ya ngozi na kukaa humo siku kadhaa. Havipimi damu, hupima majimaji ya kati ya seli, ambayo glukosi huyafikia baada ya kupenya kutoka kwenye vishipa vya damu. Safari hiyo fupi huchukua dakika 5 hadi 15, kwa hiyo sukari inapopanda au kushuka kwa haraka kipimo hubaki nyuma kidogo. Bei yake bado iko juu ya uwezo wa familia nyingi. Njia rahisi ya kuvitofautisha na saa za bure ni hii: chombo kisichoingia ndani ya ngozi kabisa hakijui sukari yako.

Viganja vya sala

Sukari iliyozidi kwa miaka huifanyia ngozi jambo jingine, nalo ni baya. Huganda kwenye nyuzi za kolajeni na kuzifunga pamoja. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza kemia yake mwaka 1912. Ni ile ile inayofanya ganda la mkate liwe kahawia katika tanuri, ila mwilini hutokea bila moto na kwa miaka. Nyuzi hukakamaa. Wachunguzi wa Saratov walipopima ngozi ya panya wenye kisukari waliona kwamba hata glukosi yenyewe hupenya humo polepole zaidi kuliko katika ngozi ya panya wazima.

Alama yake unaweza kuitafuta mwenyewe, na madaktari wameipa jina ambalo wasomaji wa gazeti hili watalipenda: ishara ya sala. Kutanisha viganja kama tunavyofanya tunaposali, vidole vikielekea juu. Kwa mtu wa kawaida viganja na vidole hukutana vizuri. Mwenye kisukari cha siku nyingi anaweza kukuta vidole vimepinda kidogo, nafasi imebaki katikati, wala havinyooki hata akisukuma. Mara nyingi hakuna maumivu, ndiyo maana haonekani kulijali. Baridi yabisi na kazi za sulubu pia huweza kukaza vidole, kwa hiyo mtu asijihukumu mwenyewe; amwonyeshe daktari, na kama hajawahi kupimwa sukari, apimwe. Asubuhi kabla ya kula, sukari ikifika milimoli 7 au zaidi katika vipimo viwili vya siku mbalimbali, hicho ni kisukari.

Mpaka hapo chombo cha nuru kitakapopatikana, kidole kitaendelea kutobolewa. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, maana katikati kuna mishipa mingi ya fahamu na ndipo panapouma, badilisha vidole, usitumie sindano ya mwenzako. Na kabla ya kutoboa nawa mikono kwa maji ya kutiririka, ukauke vizuri. Mwaka 2011 madaktari wa Japani waliwapima watu wasio na kisukari waliokuwa wamemenya machungwa, zabibu na matunda mengine. Mashine ikaonyesha sukari iliyopanda sana kuliko ilivyokuwa mwilini, kwa sababu tone la damu lilikutana na utomvu wa tunda juu ya ngozi. Kufuta kidole kwa spiriti hakukutosha. Waliponawa kwa maji ya bomba, kipimo kikarudi kuwa sahihi. Basi ukitoka kumenya embe, nenda kwanza kwenye bomba.